Mwandishi aliyecheza sakafuni akaota majitu ya chuma

Kama chai ingali mezani na watoto wangali ndani, huenda hivi sasa kuna mmoja wao aliyelala kifudifudi sakafuni, ananguruma kama trela linalopanda mlima, huku akisukuma kipande cha ubao ambacho kwake yeye si ubao tena. Huenda pia umekwisha kumwambia mara mbili aache upuzi na ashike kitabu.

Leo ningependa kukusimulia habari za bwana mmoja ambaye hakuacha upuzi huo hata alipokuwa na mke, nyumba na watoto wawili wa kiume, na ambaye vitabu vyake vingali vinasomwa dunia nzima. Jina lake ni Herbert George Wells, Mwingereza, ingawa wengi humjua kwa herufi tu: H. G. Wells. Ndiye aliyeandika The Time Machine mwaka wa 1895, The Invisible Man mwaka wa 1897, na The War of the Worlds, hadithi iliyotoka kwanza kwa mfululizo katika jarida mnamo 1897 kabla ya kuchapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1898. Wanafunzi wa sekondari na vyuo huenda wamekwisha kukutana na jina hilo maktabani.

Hata hivyo, nia yangu leo si kuhesabu vitabu. Nataka tuyatazame mapenzi mawili ya bwana huyu: mapenzi ya michezo, na mapenzi ya mashine kubwa kubwa zinazotembea kwa miguu, ambazo watoto wa siku hizi wangeziita maroboti. Na tukiisha kuyatazama, tuulizane swali ambalo wazazi wengi wa mjini wanalo moyoni: je, mtoto anayecheza vita atakuja kupenda vita?

Jemadari wa Bromley

Wells alizaliwa tarehe 21 Septemba 1866 katika mji wa Bromley, karibu na London. Kwao hakukuwa na mali. Baba yake alikuwa na kiduka cha vyombo ambacho wateja walikipita tu, na mapato mengine aliyapata kwa kucheza kriketi ya malipo. Mama yake alikuwa amefanya kazi ya utumishi katika nyumba za wakubwa, na baadaye hali ilipokuwa ngumu aliirudia.

Mwaka wa 1874, akiwa na umri wa miaka saba, kijana huyu alivunjika mguu akalazwa kitandani kwa majuma mengi. Baba yake akawa anamletea vitabu kutoka maktaba. Mwenyewe alisema baadaye kwamba hapo ndipo alipokuwa msomaji. Waswahili husema, huenda jambo la heri likaja na sura ya shari.

Alipokaribia umri wa miaka 13 alikuwa na mchezo mmoja ambao haukuhitaji hata mpira wa matambara. Alikuwa akitembea peke yake kwenye mashamba na vilima vya Bromley, na kichwani mwake alikuwa jemadari wa majeshi makubwa. Kilima kimoja kiitwacho Martin's Hill alikigeuza kuwa uwanja wa vita. Huku anaweka askari wa farasi, kule anaficha mizinga, na pale chini adui anakuja bila kujua yanayomngoja. Aliyepishana naye njiani hakuona kitu ila mvulana mwembamba anayejitembelea. Mambo hayo aliyaeleza wazi katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1934. Liweke hilo akilini, msomaji, kwani tutalirudia.

Maisha hayakumwacha acheze sana. Alipelekwa kuwa mwanagenzi katika duka la nguo, siku ya kazi ikiwa ya saa 13 hivi, kazi aliyoichukia kama ugonjwa. Alijiokoa kwa vitabu. Mwaka wa 1884 alipata nafasi ya kusoma sayansi mjini London kwa msaada wa serikali, na huko alifundishwa elimu ya viumbe na Thomas Huxley, mtaalamu mashuhuri wa zama hizo. Baadaye akawa mwalimu. Mwaka wa 1887, akifundisha huko Wales, alichezewa vibaya katika uwanja wa kandanda akaumia figo. Afya yake iliyumba kwa miaka mingi, na udhaifu huo ulichangia kumtoa ubaoni na kumketisha mezani na kalamu.

Kigoda kirefu kuliko nyumba

Mwaka wa 1895 Wells alihamia Woking, mji mdogo kusini-magharibi mwa London. Huko alijifunza kuendesha baiskeli, na hapo ndipo mchezo na uandishi vilipokutana. Alikuwa akizunguka kwa baiskeli katika vijiji na barabara za eneo hilo, akiangalia nyumba hii, kanisa lile, daraja lile, na kuamua kipi kitavunjwa na nani atakimbilia wapi. Alikuwa anatunga The War of the Worlds, hadithi ya viumbe kutoka sayari ya Mirihi wanaoivamia dunia. Na walipovamia, walianzia hapo hapo karibu na kwake, katika uwanda wa Horsell.

Viumbe hao wenyewe walikuwa wazito na dhaifu, hawawezi hata kusimama vyema duniani. Nguvu zao zilikuwa mashine. Hebu vuta picha ya kigoda cha mzee, kile cha miguu mitatu. Sasa kirefushe mpaka kifikie karibu futi 100, kipite miti na nyumba, kisha kiondoke mbio kama garimoshi, huku juu yake ameketi dereva asiye na huruma, mwenye mwale wa joto unaowasha kila unachokigusa na moshi mweusi wa sumu unaoua waliojificha. Hayo ndiyo majitu ya Wells.

Mwenye kuchagua maneno atasema hayo si maroboti, na atakuwa amesema kweli. Neno roboti halikuwapo wakati huo. Lilikuja na mchezo wa kuigiza wa Karel Čapek wa huko Cheki, uliotoka mwaka wa 1920, nalo linatokana na neno la kwao la kazi ya kulazimishwa. Lakini jitu la chuma lenye mtu au kiumbe ndani yake anayeliendesha, hilo watoto wanaotazama filamu za Japani wanalijua sana, na nitawafikia Wajapani hao baada ya muda mfupi.

Kitu kimoja nataka wanafunzi wanaoandika insha wakione. Majitu ya Wells yanatisha kwa sababu yana kanuni. Hayafanyi kila kitu. Yanaweza kupigwa. Karibu na mto Thames mzinga mmoja wa jeshi unalipata jitu moja nalo linaanguka majini. Baharini manowari iitwayo Thunder Child inayakabili majitu na kuyaangusha kabla ya yenyewe kuangamia. Na mwishowe kabisa, baada ya binadamu kushindwa na silaha zao zote, wavamizi wanauawa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo miili ya viumbe hao haikuvizoea. Aliyesomea elimu ya viumbe hakusahau somo lake. Wengi wetu tunapotunga hadithi ya jitu tunalipa nguvu zote, na papo hapo hadithi inakufa, kwa maana hakuna la kuhofia wala la kutumainia. Mtu aliyecheza sana michezo yenye masharti anajua kwamba utamu uko katika masharti.

Kuna jambo lingine zito katika kitabu hicho, na sisi wa upande huu wa dunia tuna haki ya kulisoma polepole. Wells alieleza kwamba wazo hilo lilitokana na mazungumzo na kaka yake Frank kuhusu wenyeji wa kisiwa cha Tasmania, kusini mwa Australia, na maangamizi yaliyowapata walipofikiwa na walowezi kutoka Ulaya. Ingekuwaje, waliulizana, kama kungeshuka viumbe wa kuwatenda Waingereza vile vile? Kumbuka miaka. Mwaka wa 1895, Wells alipokuwa akihamia Woking, Uingereza ilitangaza nchi hii yetu kuwa chini ya himaya yake, na mwaka uliofuata reli ikaanza kutandazwa kutoka Mombasa, ile ambayo wazee wetu waliiita nyoka wa chuma. Msomaji wa London alikuwa anaogopa jitu la chuma la kubuni. Babu zetu walikuwa wanalitazama la kweli likija.

Visiwa vya sakafuni

Sasa tuingie nyumbani kwa bwana Wells. Alikuwa na watoto wawili kwa mkewe, George Philip aliyezaliwa mwaka wa 1901 na Frank aliyezaliwa mwaka wa 1903. Mwaka wa 1911, akiwa tayari mwandishi mwenye sifa kubwa, alitoa kitabu chembamba kiitwacho Floor Games, yaani michezo ya sakafuni. Ndani yake hakuna Mirihi wala majitu. Kuna baba na wanawe wawili waliopiga magoti.

Vifaa vyao vilikuwa vya aina nne: sanamu ndogo za watu na askari, matofali madogo ya mbao, vibao vya ukubwa mbalimbali, na garimoshi la kujazwa kwa ufunguo pamoja na reli zake. Siku nyingine sakafu ilikuwa bahari na vibao ni visiwa, na merikebu zikaenda kuvumbua nchi mpya. Siku nyingine walijenga miji yenye maduka, stesheni na mitaa, nao watoto ndio mameya.

Katika kitabu hicho Wells analalamika juu ya jambo ambalo lilinifanya nikisome tena ukurasa ule. Analalamika kwamba madukani askari wa kuchezea ni tele, lakini raia hawapatikani. Anataka watu wa kawaida, wa kupanda garimoshi na kuketi madukani, na hawaoni. Mji utajengwaje ikiwa wakazi wake wote wana bunduki? Mzazi mwenzangu, ukienda leo kununua zawadi ya mtoto, hesabu mwenyewe bunduki za plastiki, kisha uhesabu vile vya kujengea.

Kitabu hicho kidogo kilifika mahali ambapo mwandishi wake hakupatazamia. Daktari wa watoto aitwaye Margaret Lowenfeld, aliyefungua kliniki mjini London mwaka wa 1928, alikuwa amekisoma akakikumbuka. Aliwawekea watoto wenye matatizo ya moyo sanduku lililojaa vitu vidogo vidogo, na trei za mchanga. Watoto wakawa wanapanga nyumba, wanyama, askari na uzio mchangani, na kupitia mpangilio huo daktari akaweza kuyaona yale ambayo mtoto hakuwa na maneno ya kuyasema. Njia ya kutumia trei ya mchanga ingali inatumiwa na washauri wa watoto katika nchi nyingi. Kwa hivyo yule wa kwako aliye pale sakafuni, kabla hujamfokea, inama kidogo uangalie amepanga nini. Huenda anakuandikia barua.

Mzinga wa kuchezea

Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1913, Wells alitoa kitabu kingine, Little Wars. Hiki ndicho kilichomfanya ahesabiwe miongoni mwa mababa wa michezo ya vita ya mezani. Anaeleza kwamba mambo yalianza baada ya mlo wa mchana katika chumba kilichojaa vitu vya watoto. Rafiki yake mmoja, anayemtaja kwa herufi J. K. J. tu, na ambaye hujulikana kuwa ni Jerome K. Jerome, mwandishi wa vichekesho, alivuta kiti huku akingojea kahawa, akauchukua mzinga mdogo wa springi unaorusha kipande cha mti, akalenga, akaangusha askari. Kisha akajisifu. Unajua wanaume wazima wanavyokuwa wakisikia majisifu. Vita vikaanza hapo hapo. Mwanzoni milima na mabonde ya nchi yao yalikuwa juzuu za ensaiklopidia zilizotandazwa sakafuni.

Siku baada ya siku waliongeza kanuni. Askari wa miguu asogee futi moja kwa zamu, wa farasi futi mbili. Mzinga usipigwe wala usisogezwe kama hauna angalau watu wanne wa upande wake karibu nao. Kabla ya kuanza, pazia livutwe katikati ya uwanja ili kila mmoja apange jeshi lake bila mwenzake kuona. Muda wa kila zamu upimwe kwa saa, ili asiwepo wa kufikiri mpaka usiku. Mwandishi alisema mchezo huo unawafaa wavulana kuanzia miaka 12 hadi miaka 150, na wasichana pia, ingawa kuhusu wasichana alisema kwa maneno ambayo dada zetu wa leo wangemkemea.

Kanuni hizo hazikufa. Michezo mingi ya kupanga majeshi mezani na kwenye kompyuta ni ya ukoo huo. Gary Gygax, mmoja wa Wamarekani wawili waliotunga Dungeons & Dragons mwaka wa 1974, mchezo ambao wachezaji wake huketi pamoja na kujitungia hadithi, alitokea katika kundi la watu wa michezo ya vita ya vijisanamu.

Lakini sehemu ninayotaka uikumbuke ni ile ya mwisho wa Little Wars. Baada ya kurasa zote za kufurahia mizinga ya springi, Wells anageuka na kumweleza msomaji maana yake. Anasema, kwa ufupi, hivi: hapa kwetu hakuna mwili uliovunjika, hakuna nyumba iliyochomwa, hakuna mama anayelia. Nimecheza na maafisa wa jeshi wa vyeo vya juu, wala sijapata kumwona hata mmoja ambaye hakutatizwa na kanuni rahisi za mchezo wangu. Ikiwa watu hawa wanavurugikiwa na askari wa sanamu juu ya zulia, vita vya kweli vitakuwaje mikononi mwao? Mtu akicheza mara tatu au nne, anasema, atatambua jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kubabaisha.

Kitabu kilitoka 1913. Tarehe 4 Agosti 1914, Uingereza iliingia vitani.

Kariokor

Na hapa, msomaji, sitaki kumfanya Wells malaika. Mwandishi yule yule aliyeonya juu ya vita vikubwa aliviunga mkono vilipofika. Mwaka huo huo wa 1914 alitoa kitabu cha makala akidai kwamba vita hivyo ndivyo vitakavyokomesha vita vyote. Havikukomesha. Mnamo Septemba 1916 vifaru vya kwanza viliingia uwanjani nchini Ufaransa, mashine za chuma ambazo yeye alikuwa amezibashiri katika hadithi fupi ya mwaka wa 1903 iitwayo The Land Ironclads. Jitu alilolichezea kichwani lilikuwa limetoka nje.

Vita hivyo vilifika mpaka kwetu. Waingereza na Wajerumani walipigana Afrika Mashariki tangu 1914 hadi 1918, na mizigo ya majeshi ilibebwa na wapagazi Waafrika, maelfu kwa maelfu, wengi wao wakichukuliwa kwa nguvu. Wengi hawakurudi, na waliowaua zaidi si risasi, bali maradhi, njaa na uchovu. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, lilibadilika midomoni mwa watu likawa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Ukienda Kariokor kununua kiondo au kula nyama choma, unalitamka jina lao. Hao hawakuwa askari wa sanamu wa kuinuliwa mchezo unapokwisha na kurudishwa sandukuni.

Sasa turudi kwenye kile kilima cha Bromley nilichokuomba ukiweke akilini. Mwaka wa 1934, akiwa mzee wa miaka 67 na ulimwengu ukielekea kwenye vita vingine, Wells alieleza ndoto zake za ujemadari za umri wa miaka 13, kisha akasema jambo ambalo lingemtia mtu baridi. Alisema kwamba Hitler, aliyekuwa ametwaa madaraka Ujerumani mwaka mmoja kabla yake, si kitu kingine ila ndoto kama hizo zilizotimia, na kwamba watu waliomfuata walikuwa wameshindwa kukua.

Naona jibu la swali letu limo humo. Wavulana wengi wameota ujemadari. Wells aliitoa ndoto yake kichwani akaiweka sakafuni, ikawa na urefu wa inchi mbili, ikawa na kanuni, ikawa na mwenzake wa kumwambia hapana, zamu yako imekwisha. Hapo alipata kuiona ukubwa wake halisi. Mwingine alibaki nayo kichwani mpaka akapata jeshi la kweli.

Foleni ya Tokyo

Nilikuahidi Wajapani. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vijana waliokulia chini ya mabomu ndio waliokuja kuwapa watoto wa dunia maroboti makubwa. Mitsuteru Yokoyama alizaliwa Kobe mwaka wa 1934, mji ambao ulishambuliwa sana kwa mabomu ya ndege. Mwaka wa 1956 alianza hadithi ya picha iitwayo Tetsujin 28-go. Humo mna jitu la chuma lililoundwa kuwa silaha ya siri ya jeshi la Japani. Vita vimekwisha, na jitu hilo linaongozwa kwa rimoti na mtoto wa kiume. Lenyewe halina wema wala ubaya, linamtii yeyote anayeishika rimoti. Je, si hilo hilo swali letu la leo limevaa nguo nyingine?

Mwenzake Go Nagai alianza Mazinger Z mwaka wa 1972, hadithi ambamo kijana anaingia ndani ya roboti na kuliendesha kama gari. Alipoulizwa wazo alilipata wapi, alisema alikuwa amekwama katika msongamano wa magari, akatamani gari lake liote mikono na miguu liwapite wote kwa kutembea juu. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa hilo. Tofauti ni kwamba sisi tunapiga honi tu, naye alikwenda nyumbani akachora.

Basi, wazazi, siwaambii mwacheni mtoto na simu usiku kucha akifyatua risasi kwenye kioo. Hiyo si michezo ya Wells hata kidogo. Michezo ya Wells ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, wachezaji ndio waliotunga kanuni na kuzirekebisha, wakigombana na kupatana. Pili, kulikuwa na mtu mzima aliyepiga magoti pamoja nao, si wa kusimama mlangoni akilalamika juu ya fujo. Tatu, mchezo ulikuwa na mwisho, na baada ya mwisho palikuwa na mazungumzo. Mtoto akicheza mchezo wa simu, keti naye nusu saa umwulize: huyu aliyeanguka alikuwa nani? Kwa nini mnapigana? Ungekuwa wewe ndiye mtungaji, ungebadilisha nini? Atakayeweza kujibu hilo la mwisho ameanza kazi ya uandishi.

Wala si lazima uwe na fedha za duka kubwa. Watoto wetu wameunda magari ya waya yenye usukani unaogeuza magurudumu, wamecheza kalongolongo wakapika chakula cha udongo, wamepanga visoda vikawa timu mbili za kandanda. Vipande vya mbao vimejaa kwenye karakana za maseremala, na fundi akiombwa vizuri atakukatia kwa bei ya chai. Nunua vingi vya mraba, uwapake watoto rangi mikononi, na mvue viatu. Na kumbuka lile lalamiko la Wells: mji wenu uwe na raia. Uwe na mama mboga, makanga wa matatu, mwalimu, muuguzi, na mtu aliyeketi tu kibarazani.

Wells alifariki dunia mjini London tarehe 13 Agosti 1946, mwaka mmoja baada ya vita vya pili kwisha, vita alivyokuwa amevionya kwa miaka mingi. Pale Woking, tangu 1998, kuna sanamu ya jitu lake la miguu mitatu, refu la mita saba hivi, limesimama katikati ya mji ambao katika hadithi liliuteketeza. Watu hupita chini yake wakienda kazini, na watoto huinua vichwa kulitazama.

Kwa leo naishia hapo, mpenzi msomaji. Yule wa sakafuni akikuuliza kama utakuwa adui au rafiki, usimwambie una kazi. Mwulize kanuni ni zipi. Tukutane Jumapili ijayo, Mungu akipenda.